Jinsi ya Kuomba Ruzuku ya Chuo Kikuu kwa Kigezo cha Uhitaji, Hatua kwa Hatua

Ruzuku ya uhitaji ni fedha anazopewa mwanafunzi wa chuo kikuu kwa sababu kwao hakuna uwezo wa kumsomesha, na harudishi. Mkopo utadaiwa ukishahitimu. Ufadhili wa ufaulu hupewa aliyefanya vizuri kwenye mitihani, awe mtoto wa maskini au wa tajiri. Ruzuku ya uhitaji inauliza swali moja: bila fedha hizi, huyu ataweza kusoma?

Swali ni jepesi, lakini anayelijibu hakujui. Hajawahi kufika kwenu, hajaona mnalala wapi wala mnakula mara ngapi. Mbele yake ana fomu yako, viambatisho vyako, na rundo la maombi mengine yanayosubiri. Ndiyo maana wapo vijana wenye shida ya kweli wanaokosa, huku wenye nafuu kidogo wakipata, kwa kuwa karatasi za hawa zilisomeka na za wale hazikusomeka. Inaniuma kila nikiliona hilo, maana kasoro yenyewe mara nyingi inarekebishika: cheti kimoja, jina moja, kipato cha mwezi kilichoandikwa kwenye kisanduku cha mwaka. Mwongozo huu unahusu namna ya kuufanya uhitaji wako uonekane kwenye karatasi jinsi ulivyo, bila kuongeza wala kupunguza.

Hatua ya 1: Jua unaomba fedha ya aina gani, na kutoka wapi

Mfuko unaojiita wa msaada au wa ufadhili unaweza kuwa unatoa ruzuku, mkopo, au vyote viwili kwa pamoja. Ujerumani ina BAföG, iliyoanza 1971: kwa mwanafunzi wa chuo kikuu nusu ni ruzuku na nusu ni mkopo wa serikali usio na riba, na kiwango cha juu cha kurudisha ni euro 10,010 hata kama alichokopeshwa kimezidi hapo. Marekani ina Pell Grant, iliyotokana na sheria ya 1972 na tangu 1980 ikapewa jina la seneta Claiborne Pell. Hiyo ni ruzuku tupu, na kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2024/25 kilikuwa dola 7,395. Afrika Kusini, mfuko wa NSFAS ulikuwa wa mikopo kwa miaka mingi, kisha kuanzia 2018 wanafunzi wapya wa familia za kipato cha chini wakaanza kupewa ruzuku isiyorudishwa. England walikwenda kinyume chake: ruzuku za kujikimu zilifutwa kwa wanafunzi wapya kuanzia 2016 na mikopo ikachukua nafasi yake. Kenya ilileta 2023 mfumo unaochanganya ufadhili na mkopo kwa kuwapanga wanafunzi katika makundi ya uhitaji. Tanzania, Bodi ya Mikopo, yaani HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, hutoa zaidi mikopo, ila hata hiyo hupimwa kwa uhitaji, kwa hiyo maandalizi mengi utakayoyasoma hapa yanafaa huko pia.

Kabla hujagusa fomu, pata majibu ya mambo matatu kutoka kwenye masharti yaliyoandikwa, si kwa kuambiwa na mtu. Kipi kinarudishwa na kipi hakirudishwi? Ruzuku inalipia nini hasa: ada peke yake, au na malazi, chakula, vitabu na viandikwa? Na jambo lipi linaweza kuigeuza ruzuku kuwa deni? Hili la mwisho wengi hawaliulizi. Marekani, kwa mfano, aliyepokea ruzuku ya serikali akiacha masomo kabla ya kumaliza asilimia 60 ya muhula anaweza kutakiwa kurudisha sehemu yake.

Kuhusu wapi pa kuomba, watu wengi huangalia mfuko wa serikali na kuishia hapo. Mlango unaosahaulika kuliko yote uko ndani ya chuo chenyewe: ofisi inayoshughulikia fedha za wanafunzi, au ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Vyuo vingi vina fungu la dharura na misaada midogo ya vitivo ambayo haitangazwi kwa kelele. Nenda ukaulize kwa mdomo wako, na uulize tena muhula unaofuata, kwa sababu mafungu hayo hufunguka na kufungwa.

Nje ya hapo kuna taasisi. Mastercard Foundation ina mpango wa ufadhili ulioanza 2012 kwa vijana wenye uwezo wa kitaaluma lakini wasio na fedha, hasa kutoka Afrika, na maombi hupitia vyuo washirika kama Makerere, Ashesi na Edinburgh. Mkimbizi ana DAFI, mpango wa ufadhili wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, unaoendeshwa tangu 1992. Na usiogope chuo kwa kuangalia ada iliyotangazwa peke yake: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hupokea wanafunzi bila kuangalia uwezo wao wa kulipa, wageni wakiwemo, kisha huziba pengo lote la uhitaji uliothibitishwa. Kuingia huko ni kugumu mno, lakini anayeingia hazuiwi na umaskini wa kwao.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya pengo

Hapa ndipo penye kiini cha ombi lako. Uhitaji, kwa anayegawa fedha, ni namba: gharama za mwaka mzima, toa kile familia inachoweza kuchangia, toa misaada uliyokwisha kupata. Kinachobaki ndicho pengo, na ndicho unachoomba.

Chukua mfano, ukiweka sarafu yako mwenyewe. Gharama za mwaka ni 1,000: ada 420, malazi 210, chakula 190, usafiri 60, mafunzo kwa vitendo na vifaa vya maabara 50, vitabu na viandikwa 45, bima ya afya 25. Mama ataweza kutoa 60, mjomba ameahidi 70, na wewe mwenyewe kwa vibarua vya likizo utapata 70. Jumla ya familia ni 200. Mkopo ulioidhinishwa ni 350. Pengo ni 450.

Sasa tazama waombaji wawili wenye hali hiyohiyo. Wa kwanza anaomba 1,000 yote na mchango wa familia anaandika sifuri. Anadhani amejionyesha kuwa mhitaji zaidi, kumbe amemwachia msomaji swali ambalo hakuna wa kulijibu: huyu amekuwa akila nini hadi leo? Wa pili anaomba 450, anaonyesha kila mchango, na anaeleza kwa nini hauwezi kuzidi hapo. Ombi la pili linaaminika, na lina faida nyingine: mfuko mdogo usioweza kutoa 1,000 unaweza kutoa 450, au 200 ya kuanzia.

Gharama zinazosahaulika ni zile zisizokuja kila mwezi: ada ya mtihani na usajili, nauli ya kwenda na kurudi likizo, chumba wakati bweni limefungwa, kompyuta, kibali cha ukaazi kwa anayesoma nchi nyingine. Ziandike sasa. Ukizikumbuka katikati ya mwaka, dirisha la maombi litakuwa limeshafungwa.

Hatua ya 3: Elewa wanavyokupima

Kila mfuko una vipimo vyake, ila vinafanana: kipato cha wazazi au walezi, idadi ya watu wanaokitegemea, wangapi kati yao wanasoma, mali, uyatima, ulemavu. NSFAS hutumia kikomo: kipato cha familia kisizidi randi 350,000 kwa mwaka, na kwa mwanafunzi mwenye ulemavu randi 600,000. Ufaransa, ruzuku inayosimamiwa na CROUS, yaani ofisi za huduma za wanafunzi, huangalia kipato pamoja na pointi, nawe unapata pointi kwa umbali kati ya nyumbani na chuo na kwa ndugu wengine walio kwenye elimu ya juu. Kisha unapangwa kwenye daraja, kuanzia 0 bis hadi 7. Marekani, FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa masomo wa serikali, huzaa namba inayokadiria uwezo wa familia, na tangu 2024/25 namba hiyo inaweza kushuka chini ya sifuri hadi hasi 1,500.

Ukishajua vipimo, utajua nguvu zako ziende wapi. Kama ndugu walio chuoni wanahesabiwa, barua ya udahili ya dada yako ni kiambatisho cha lazima. Kama umbali unahesabiwa, anwani ya nyumbani isiandikwe kwa kubahatisha.

Jambo moja hapa linastahili kusisitizwa. Marekani, Ujerumani na Ufaransa, kipato kinachoangaliwa kwa kawaida ni cha miaka miwili nyuma. Ikiwa wakati ule baba alikuwa na ajira na sasa hana, karatasi zitasema familia inajiweza na wewe utakataliwa kwa haki kabisa kulingana na karatasi hizo. Dawa ipo, ila lazima uiombe mwenyewe. Ujerumani kuna ombi maalumu la kutaka kipato cha sasa kitumike badala ya kile cha zamani. Marekani ofisi ya chuo ina mamlaka ya kurekebisha hesabu ikionyeshwa uthibitisho wa kufukuzwa kazi, kifo, talaka au gharama kubwa za matibabu. Mifuko mingine nayo huwa na nafasi ya aina hii, hata kama haijaandikwa kwa herufi kubwa. Uliza hivi: "Kipato chetu kimeshuka tangu mwaka mnaouangalia. Nifuate utaratibu gani ili hali ya sasa izingatiwe?"

Uliza pia ni nani anayehesabiwa kuwa mzazi wako. Kulelewa na bibi au shangazi hakumwondoi mzazi kwenye fomu moja kwa moja. Mara nyingi inatakiwa karatasi: amri ya mahakama ya ulezi, barua ya ofisi ya ustawi wa jamii, au cheti cha kifo. Ikiwa mzazi yu hai lakini hajulikani alipo, hilo nalo linathibitishwa kwa maandishi na mtu wa tatu anayeijua familia, kama mwalimu mkuu, kiongozi wa dini au ofisa wa serikali ya mtaa.

Hatua ya 4: Kusanya nyaraka, ukianza na majina

Anza mapema, miezi kadhaa kabla ya dirisha kufunguliwa. Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya mitihani, barua ya udahili, uthibitisho wa kipato, vyeti vya vifo kama vipo, fomu ya daktari kwa mwenye ulemavu. Zipo nchi ambazo cheti peke yake hakitoshi. Tanzania Bara vyeti vya kuzaliwa na vya vifo huhakikiwa kwanza RITA, na Zanzibar huhakikiwa ZCSRA, ambazo ni wakala za usajili wa vizazi na vifo, ndipo vitumike kwenye ombi la HESLB. Uhakiki huo huchukua siku, na anayeukumbuka wiki ya mwisho hujikuta kwenye foleni na wenzake wote.

Kisha weka karatasi zote mezani, moja kando ya nyingine, usome majina herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Yusufu, cha sekondari kinasema Yusuph, kitambulisho kina majina mawili wakati udahili una matatu. Kwako wewe ni mtu mmoja. Kwa kompyuta inayolinganisha taarifa ni watu watatu, na kwa mpitiaji aliyechoka ni mashaka. Pale panaporekebishika, rekebisha kwa mamlaka iliyotoa cheti. Pasiporekebishika kwa wakati, pata hati ya kiapo inayosema majina hayo yote ni ya mtu mmoja, uiambatishe kwenye kila ombi. Fanya vivyo hivyo kwa tarehe ya kuzaliwa na kwa majina ya wazazi. Kwa maoni yangu hakuna kazi ndogo inayookoa maombi mengi kuliko hii.

Kipato ndicho kinachowatatiza zaidi watoto wa wakulima, wavuvi, mafundi na wafanyabiashara wadogo. Mwenye ajira analeta hati ya mshahara na mambo yanaisha. Mama anayeshona nguo hana hati hiyo, na wengi huishia kuandika "hana kipato", jambo ambalo si kweli na halisaidii. Kipato kisicho na hati kinaonyeshwa kwa kukusanya alama zake: taarifa ya miamala ya simu au ya benki ya miezi 12, daftari la mauzo, risiti za kuuzia mazao, leseni ya biashara, barua ya serikali ya mtaa inayotaja kazi ya mzazi na makadirio ya anachopata. Familia ikiwa tayari kwenye mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, namba ya usajili wa mpango huo ina nguvu kubwa. Tanzania, kaya iliyo chini ya TASAF hutaja namba yake kwenye ombi, na Afrika Kusini anayepokea ruzuku ya kijamii ya SASSA huhesabiwa moja kwa moja kuwa ametimiza sharti la kipato.

Kwa mkulima, hesabu iende hivi. Mavuno ya kwanza yaliuzwa 180, ya pili 240, jumla 420. Mbegu, mbolea na vibarua vilikula 150. Kilichobaki ni 270 kwa mwaka, sawa na 22.5 kwa mwezi. Wapo wanaoulizwa kipato cha mwezi wakaandika 240, kwa kuwa ndiyo fedha waliyoiona mezani mwezi ule wa mavuno. Namba hiyo ikizidishwa kwa 12, mkulima mdogo anageuka mtu wa 2,880 kwa mwaka. Soma pia kama fomu inataka kipato kabla ya kutoa gharama au baada yake. Ikitaka kabla, andika kabla, kisha eleza gharama kwenye barua.

Mwisho wa hatua hii, skani kila waraka kwa mwanga mzuri, pande zote mbili, muhuri usomeke. Yape mafaili majina yanayoeleweka, kwa mfano "04 cheti cha kifo baba", na namba hizo uzitumie kwenye barua yako. Nakala zihifadhiwe sehemu mbili. Nakala halisi zisitoke nyumbani bila sababu.

Hatua ya 5: Jaza fomu

Ijaze kwanza kwenye karatasi, ukiwa na mzazi au mlezi kando, kwa sababu maswali mengine ni yeye tu anayejua majibu yake. Halafu ndipo uingie kwenye mtandao.

Kuwa macho na kipindi: mwaka au mwezi. Pasipo na kitu andika 0 au "hakuna", kwani kisanduku kitupu kinasomeka kama swali uliloliruka. Idadi ya wanakaya iwe ileile kwenye fomu, kwenye barua na kwenye barua ya serikali ya mtaa. Ikitofautiana, mpitiaji ataanza kutilia shaka na yale mengine.

Barua pepe na nenosiri viwe vyako. Wengi hujaziwa fomu kwenye kibanda cha intaneti, na mhudumu kwa nia njema anafungua akaunti kwa barua pepe yake au kwa nenosiri analolijua yeye. Miezi mitatu baadaye inatumwa taarifa ya kuleta waraka uliopungua, na mwombaji haioni kamwe. Namba ya simu iwe utakayokuwa nayo hadi unahitimu, na akaunti ya benki iwe kwa jina lilelile la kwenye udahili.

Ukimaliza, pakua nakala ya ulichotuma na piga picha ya ukurasa wenye namba ya ombi. Siku ukihitaji kukata rufaa, utaanzia hapo.

Hatua ya 6: Andika barua ya maelezo

Si kila mfuko unaidai, lakini ukipewa nafasi usiiache. Makosa hapa ni ya aina mbili. Wapo wanaoandika kwa haya, mistari mitatu mikavu, kwa sababu kusema shida za nyumbani kunaumiza. Wapo wanaomwaga machozi ukurasa mzima bila namba hata moja: "Natoka familia maskini sana, nimeteseka tangu utotoni, mkinisaidia Mungu atawalipa." Maneno hayo yanaweza kuwa ya kweli tupu, ila yanafanana na ya mamia ya waombaji wengine, na mpitiaji hana pa kuyashika.

Linganisha na aya hii, iliyojengwa kwa mfano wetu wa pengo la 450:

"Baba alifariki Machi 2022, kiambatisho namba 4. Tangu hapo nyumba inategemea ushonaji wa mama, unaoingiza wastani wa 55 kwa mwezi kwa mujibu wa miamala ya miezi 12, kiambatisho namba 6. Tuko watano: mama, bibi, wadogo zangu wawili wa sekondari na mimi. Kati ya 660 za mwaka, 130 ni kodi ya nyumba na 90 ni shule ya wadogo zangu. Zinazobaki 440 ni chakula, matibabu na nauli za watu wanne, na humo ndimo mama anamobana 60 za kunichangia. Mjomba anatoa 70, mimi kwa vibarua vya likizo nitapata 70, na mkopo wangu ni 350. Naomba 450 zilizobaki ili nimalize mwaka wa kwanza wa uuguzi."

Aya hiyo haina neno la kulalamika, na bado huwezi kuisoma bila kuona hali ilivyo. Kila sentensi ina namba, tarehe au kiambatisho. Baada yake ongeza kifupi unachosoma na kwa nini, na ulichokwisha kufanya kujisaidia. Ukurasa mmoja unatosha. Ikiwa kuna jambo linaloonekana baya kwenye faili lako, kama mwaka uliopotea au matokeo yaliyoshuka, litaje mwenyewe kwa sentensi mbili na sababu yake. Wataliona tu.

Aibu ya kusema shida za nyumbani naielewa, na haina haja ya kudharauliwa. Huna wajibu wa kueleza kila kilichotokea. Eleza kile kinachohusu fedha na uwezo wa kusoma, mengine yabaki yenu. Na mpe mama aisome barua kabla hujaituma, maana maisha yanayoelezwa humo ni yake pia.

Barua ya mdhamini ikitakiwa, mwombe mtu anayekufahamu kuliko mtu mwenye cheo, umpe wiki kadhaa, na umkabidhi namba zako ili asije akaandika watoto sita wakati fomu inasema watatu.

Hatua ya 7: Tuma mapema, kisha fuatilia

Kuchelewa kuna gharama hata dirisha likiwa bado wazi. BAföG hulipwa kuanzia mwezi ombi lilipowasilishwa, miezi iliyotangulia hailipwi. Kwa hiyo Ujerumani wanafunzi hushauriwa kupeleka ombi fupi lililosainiwa kwanza, na nyaraka zifuate. Baadhi ya majimbo ya Marekani hutoa ruzuku zao kwa utaratibu wa wa kwanza kufika hadi fungu liishe. Na kila mahali siku ya mwisho mtandao huelemewa.

Baada ya kutuma, ingia kwenye akaunti yako angalau mara moja kwa wiki. Neno "halijakamilika" likijitokeza, lishughulikie siku hiyohiyo. Ukiitwa kwenye usaili, au wakitaka kuja kuona nyumbani, waambie walio nyumbani mapema kilichoandikwa kwenye fomu. Lengo ni kwamba bibi asishtushwe na swali kuhusu kipato cha mwanawe. Kumfundisha mtu la kusema ni hatari na hakuna haja, kama fomu ni ya kweli.

Katika kipindi hichohicho matapeli huwa kazini. Anayekuhakikishia kupata, anayetaka malipo ili "kuharakisha faili", anayeomba namba ya siri au msimbo uliotumwa kwenye simu yako, huyo ni mwizi. FAFSA ni bure. Ada halali zipo chache, na zinatangazwa wazi: CSS Profile, fomu inayotumiwa na baadhi ya vyuo vya Marekani, ina ada, lakini mwenye uhitaji anaweza kusamehewa.

Hatua ya 8: Soma jibu, na ukibidi kata rufaa

Jibu linaweza kuwa ndiyo kwa sehemu. Rudi kwenye hesabu yako: kama pengo lilikuwa 450 na umepewa 280, unatafuta 170, na ombi linalofuata liandikwe kwa namba hiyo.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Ikiwa ni waraka uliopungua au hesabu iliyokosewa, rufaa ina nafasi nzuri. Rufaa inayorudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa haifiki mbali. Inayoleta kitu kipya ndiyo husikilizwa. Iwe fupi: namba ya ombi, sababu waliyotoa, kosa liko wapi, uthibitisho mpya ni upi, unaomba nini. Zingatia muda wa mwisho wa rufaa, kwa kawaida ni mfupi kuliko wa ombi lenyewe. Wakati huohuo kamwone mshauri wa wanafunzi kuhusu kulipa ada kwa awamu, ili usifutiwe usajili ukisubiri.

Hatua ya 9: Fedha zikitoka, na mwaka unaofuata

Mara nyingi fedha hupitia chuoni kwanza. Chuo kinakata ada na malazi, kinachobaki ndicho kinachokufikia, na kinaweza kuchelewa wiki kadhaa baada ya muhula kuanza. Panga nauli na chakula cha wiki hizo za mwanzo kabla hujaondoka nyumbani. Kikifika, kigawe kwa idadi ya wiki za muhula siku hiyohiyo.

Ukipata ufadhili mwingine, toa taarifa. Mifuko mingi hairuhusu jumla ya misaada kuzidi gharama, na ikigundua baadaye itadai irudishiwe. Ulizia kama watapunguza mkopo wako kwanza kabla ya kugusa ruzuku. Ofisi nyingine hukubali, na tofauti hiyo utaiona ukihitimu.

Ruzuku nyingi ni za mwaka mmoja mmoja, na huendelea kwa masharti mawili: masomo yanasonga mbele, na uhitaji bado upo. Ukiugua au ukifiwa katikati ya muhula, peleka taarifa na cheti cha daktari au cha kifo kabla ya mitihani, si baada ya matokeo kutoka. Na dirisha la mwaka wa pili likifunguliwa, fungua faili la mwaka jana, badilisha kipato, idadi ya wanaosoma nyumbani na gharama mpya za chuo, ongeza matokeo yako, uhakikishe namba ya simu na akaunti ya benki bado ni zilezile, kisha tuma wiki ya kwanza.